Bahasha Iliyopanda Meli

Duka langu lina mashine mbili za kutoa kopi, kompyuta tatu ambazo moja huwaka ikijisikia, na meza ya mbao iliyoegemewa na wateja mpaka imelegea miguu. Lipo katikati ya mji wa Mwanza, hatua chache kutoka Posta. Kazi yenyewe ni kuwaandikia watu mambo wanayoyajua wao kuliko mimi: barua ya kuomba kazi, mkataba wa kupangisha chumba, ombi la kumhamisha mtoto shule, risala ya harusi ya kesho inayoletwa leo saa kumi na moja jioni. Tunaita steshenari, ingawa kalamu ninazouza kwa siku nazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa bado nafagia alipoingia baba mkubwa. Ni kaka yake baba yangu, mkazi wa Kirumba, ameshavuka sabini, na nguvu zake zote za ujana alizimalizia bandarini akiwa kuli. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo. Hakukaa. Alininyooshea simu yake ya vitufe huku amekunja uso.

"Hebu ongea na huyu kijana. Mimi namwelewa. Yeye ndiye hanielewi."

Kijana alikuwa karani wa ofisi moja Bukoba. Alikuwa na faili la binamu yangu, mtoto wa marehemu shangazi, na faili lilikwama kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa ambacho tangu msiba wa shangazi kilikuwa kinalala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha baba mkubwa. Jana yake karani alimpigia mzee akamwambia akitume kwa imeli, leo leo. Mzee akajibu sawa. Akakitia cheti kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina la binti na namba ya simu, akateremka Bandari ya Kaskazini. Kijana mmoja wa melini, mtoto wa mtu aliyefanya naye kazi zamani, akaipokea. Meli ikang'oa nanga usiku. Baba mkubwa akarudi nyumbani, akala, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

"Dada, mimi nilimwambia imeli," karani alisema, sauti imechoka. "Mzee ananiambia ametuma kwa meli."

Nikamgeukia baba mkubwa kumwomba cheti nikiskani, ni dakika mbili tu. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza samaki analala wapi.

"Cheti kipi tena? Kimeshafika Bukoba."

Nilicheka mpaka nikakaa. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kopi wakacheka pia, na habari ikazunguka mtaani kabla ya saa sita. Lakini jioni, nikifunga hesabu, kicheko kilikuwa kimeisha na swali limebaki. Imeli tunaijua: barua inayopita mtandaoni. Wenye lugha walishaibatiza barua pepe, jina ninalolipenda kwa sababu linanukia upepo, ingawa hapa dukani hakuna anayelitamka. Haya, na meli je? Mbona yanafanana hivi? Nani kamzaa mwenzake?

Jibu lipo kwenye kamusi yoyote ya Kiswahili inayojali kutaja asili ya maneno, na nilijiona mjinga, mtu aliyekulia pembeni ya ziwa, kwa kutouliza siku zote hizo. Meli ni neno la Kiingereza. Mtu angetegemea litokane na "ship", ambalo ndilo jina la chombo kwa Kiingereza, lakini hilo halikutia mguu Uswahilini. Meli imetokana na "mail". Barua. Baba mkubwa na karani walikuwa wanabishana kwa neno moja.

Basi nikalifuata hilo "mail" lenyewe lilikotoka, na huko ndiko nilikopotelea wiki nzima, wateja wakilalamika kwamba risala zao zina makosa.

Mwanzoni halikuwa barua wala chombo. Lilikuwa mfuko. Waingereza wa zama za kati walilipokea kwa Wafaransa, waliokuwa na neno "male" kwa maana ya mkoba wa safari, na Wafaransa nao walilipata kwa makabila ya Kijerumani ya kale. Kwa Wafaransa mkoba huo ulikua ukawa sanduku. Mpaka leo "malle" ni sanduku kubwa la safari, lile ambalo sisi tuliosoma bweni tunaliita tranka. Uingereza neno lilikwenda njia nyingine. Katika karne ya 17 watu walikuwa wakitaja "mail" ya barua, yaani mfuko wa barua, na jambo unalolitaja kila siku hulichoki kulifupisha. Barua zikakatwa mkia. Mfuko ukabaki peke yake, lakini umeshameza kilichomo. Ni vile mama wa Mwaloni, soko letu la samaki, anavyokwambia leo ameuza madebe sita. Hana haja ya kusema dagaa, na wewe huna haja ya kuuliza kama alikuwa akiuza mabati.

Kichekesho kikaja baadaye. Walipokwisha kusahau kwamba "mail" ni mfuko, walihitaji jina la mfuko unaobeba "mail", wakaunda "mailbag". Mfuko wa mfuko. Nilitaka kuwacheka kwa sauti, nikakumbuka sisi tunavyosema Ziwa Nyanza, wakati nyanza kwenye lugha za huku kwetu ndiyo ziwa lenyewe.

Kisha neno likapanda gari. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la farasi liliondoka Bristol alasiri, likaingia London asubuhi iliyofuata baada ya saa 16 hivi, limebeba mifuko ya barua, mlinzi mwenye silaha na abiria wachache waliokubali kulipa zaidi ili wawahi. Aliyeupigania mpango huo aliitwa John Palmer, na hakuwa mtu wa posta hata kidogo. Alikuwa mwenye majumba ya michezo ya kuigiza. Kabla ya hapo barua zilibebwa na vijana waliopanda farasi peke yao, windo rahisi kwa wanyang'anyi. Mpango ulifaulu, magari yakaongezeka, na watu wakaanza kuliita gari lenyewe kwa jina la mzigo wake: "the mail". Ukitaka kusafiri haraka ulipanda "mail".

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Mfuko, kisha kilichomo mfukoni, kisha kinachobeba mfuko. Mtu angeweza kusema Waswahili tulikosea, tukasikia neno la barua tukadhani ni la chombo, kama mtoto anayeokota maneno ya wakubwa. Lakini wenye neno walishafanya hivyo hivyo kwa gari la farasi, kabla meli ya mvuke haijaonekana pwani yetu. Na Wafaransa nao walikuwa na "malle-poste", gari lao la barua. Kama ni kosa, basi ni kosa la ukoo mzima.

Baharini, serikali ya Uingereza ilitoa mikataba kwa kampuni za meli za mvuke kubeba barua, na meli yenye mkataba huo ilitanguliza herufi tatu kwenye jina lake: RMS, yaani Royal Mail Ship, meli ya barua za kifalme. M ya katikati ni "mail". Titanic, ambayo nadhani hakuna mtoto wa Mwanza wa rika langu aliyeikosa kwenye kibanda umiza, jina lake kamili lilikuwa RMS Titanic. Ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 ilikuwa na mifuko zaidi ya 3,000 ya barua, na makarani watano wa posta waliokuwa wakizichambua humo ndani walikufa wote. Watu wanawakumbuka wale wapenzi wa kwenye filamu. Mimi siku hizi nawafikiria wale watano.

Mkataba wa barua ulileta fedha, lakini pia ulileta ratiba, na ratiba ndiyo iliyokuwa ajabu kwa pwani yetu. Jahazi husubiri upepo. Kaskazi ikichelewa, nahodha ananawa mikono. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation, mali ya Mskoti William Mackinnon na wenzake, ilianza kuleta meli ya barua kila mwezi kati ya Aden na Unguja. Jaribu kuwaza pale forodhani. Mzungu wa ubalozini anachungulia kwa darubini anasema "mail" imefika. Karani anarudia. Mpishi anarudia. Wachukuzi wanashuka pwani kuitazama hiyo "mail", na wanachokiona ni mlima wa chuma wenye bomba linalofuka moshi. Barua zimo ndani ya mifuko iliyofungwa, nani azione? Barua ilisubiriwa na watu wachache wenye meza. Chombo kilisubiriwa na mji mzima, kwa sababu kilikuja na kazi, bidhaa, wageni na habari. Sikuwepo, na sina wa kumnukuu, lakini ukinipa vitu viwili hivyo nichague kipi kiitwe meli, nami ningechagua kile chenye moshi.

Sasa sikiliza ziwa letu linavyoingia. Mackinnon alifariki mwaka 1893. Miaka saba baadaye, mwaka 1900, stima ya kwanza ya Reli ya Uganda ilishushwa majini Kisumu. Ilitengenezwa Uskoti, ikaja kwa vipande, na vipande vikapandishwa bara kwa tabu kubwa kwa kuwa reli yenyewe haikufika ziwani mpaka mwishoni mwa 1901. Ilipoungwa na kuelea, ubavuni iliandikwa William Mackinnon. Yule yule. Mtu ambaye kampuni yake ilileta meli za barua Unguja akaja kuelea ziwani kwetu, tayari marehemu.

Na kama hilo halitoshi, kuna Victoria. Hiyo ambayo baba mkubwa aliipa bahasha. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa mpaka Kisumu na kuungwa upya, ikaanza safari mwaka 1961. Siku hizi tunasoma MV, herufi zinazotuambia tu kwamba ni chombo cha injini. Ilipozaliwa iliitwa RMS Victoria. M ya wakati ule na M ya sasa hazina undugu: ya kwanza ni barua, ya pili ni mota. Uhuru ulipokuja ya kwanza ikafutwa, kwa sababu barua hazikuwa tena za malkia wa mtu. Kwa hiyo chombo ambacho Mwanza nzima inakiita meli kiliwahi kuwa meli kwa karatasi na kwa muhuri, kwa maana ya Kiingereza na ya Kiswahili kwa pamoja. Sidhani kama kuna bandari nyingi ambako unaweza kusimama gatini ukanyoosha kidole kwenye asili ya neno.

Jumapili hiyo nikaenda Kirumba kumwona baba mkubwa, kusudi nimwombe radhi kwa kumcheka mbele za watu. Nilimkuta nje kwenye kigoda anasikiliza redio. Nikamuuliza kuhusu mifuko ya posta. Uso ukafunguka.

"Ile ilikuwa inashuka kwanza," alisema. "Kabla ya ndizi, kabla ya kahawa. Mifuko ya turubai, mdomo umekazwa kwa kamba, juu ya fundo kuna lakiri nyekundu. Ukiivunja lakiri, siku hiyo hiyo huna kazi. Tulikuwa tunaibeba wawili wawili mpaka kwenye gari la posta, na yule msimamizi anahesabu kwa sauti. Huyo karani wa Bukoba hatatuma barua nyingi maishani mwake kuliko nilizobeba mimi mgongoni kwa mwezi."

Nikamwambia nilichokigundua, kwamba meli maana yake ya asili ni barua. Nilitegemea ashangae. Alichukua muda kurekebisha redio.

"Sasa wewe ulidhani tunaiita hivyo kwa sababu gani?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua au alinizidi ujanja papo hapo. Kwa kumfahamu, ni la pili.

Tukazungumza meli alizozipakua, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyotaja ng'ombe wake kwa rangi. Umoja, iliyobeba mabehewa ya treni tumboni. Clarias ya Ukerewe, ambayo jina lake ni la kambare kwa lugha ya wataalamu wa samaki. Serengeti. Butiama. Alipofika kwenye Bukoba akanyamaza, nami sikumsukuma. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama, imebaki safari fupi tu kufika Mwanza. Kuna makaburi ya pamoja Igoma, na kuna familia mjini hapa ambazo mpaka leo zikienda Kagera zinazunguka na basi kupitia Geita, hata ukiwaambia vipi kuhusu ukarabati na maboya mapya. Neno lina asili yake kwenye kamusi, na lina asili nyingine kwenye masikio ya watu. Kwa watoto wa baba mkubwa, meli ni mwaka ule.

Niliporudi nilikuwa na hamu ya vyombo vyote vya majini. Kiswahili kimevikusanya kama mama mwenye kabati la vyombo vya kila harusi. Merikebu ilitoka kwa Waarabu. Manowari ni Waingereza tena: kwao ni mtu wa vita, na sisi tukakunja maneno matatu yakawa moja linalosikika kama ndugu yake mawaidha. Stima nayo ni ya mvuke, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu ya ilikoishia. Vuka ziwa mpaka Kisumu, umeme ukikatika utasikia watu wanasema stima imepotea. Kwao jina la chombo cha mvuke lilipanda juu ya nguzo likawa umeme. Kwa hiyo Mwanza barua inaelea, na Kisumu mvuke unawasha taa. Halafu tunasema tunazungumza lugha moja.

Posta ina mkasa wake, mfupi. Ni neno la Kitaliano, na asili yake ni kitu kilichowekwa mahali: vituo vya njiani ambako farasi wapya walisubiri ili mjumbe abadilishe na kuendelea. Waingereza wameyachanganya maneno haya mawili hata wenyewe hawajielewi. Mwingereza husema anasubiri "post", lakini shirika linaloileta mlangoni kwake linaitwa Royal Mail. Mmarekani husema anasubiri "mail", lakini shirika lake ni Postal Service. Sisi tulipoyapokea tukayagawa kama urithi, bila ugomvi. Nyumba ikachukua posta. Chombo kikachukua meli. Karatasi yenyewe tukawaachia Waarabu, ikabaki barua. Na aliyeibeba kwa miguu tulikuwa naye tayari, tarishi, neno ambalo sasa nalisikia tu kwenye matangazo ya kazi za serikali.

Nadhani vijana wanaokuja dukani kwangu hawajui barua ilikuwa na uzito gani. Baba yangu alifanya kazi Bukoba miaka minne nikiwa msichana mdogo, na barua zake zilikuja kwa S.L.P. ya shule aliyofundisha mama. Mama alizisoma kwa sauti, na mwanzo wake ulikuwa ule ule ambao kila Mtanzania wa umri wangu anaujua kwa moyo: madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nilikuwa naamini baba aliyatunga maneno hayo kwa ajili yetu. Niligundua darasani, mwalimu alipoandika ubaoni mfano wa barua ya kirafiki. Niliumia, sitaficha. Lakini mama alikuwa anajua tangu mwanzo na bado alikuwa anaisoma sehemu hiyo polepole. Na bahasha zilikuwa na harufu. Sijui kama ilikuwa ya kahawa au ya meli, lakini haikuwa ya nyumbani kwetu.

Kwenye kufuatilia kwangu nilikutana na "mail" nyingine mbili ambazo zimevaa nguo za mwenzao bila kuwa wa ukoo. Moja ni ile ya mavazi ya vita, fulana ya pete za chuma waliyovaa askari wa kale wa Ulaya. Hiyo imetoka kwenye Kilatini "macula", yaani doa, na pia tundu la wavu, ikapitia kwa Wafaransa. Niliposoma hivyo nikaona Mwaloni nzima mbele yangu, kwa sababu wavuvi wetu nao huyaita matundu hayo macho ya nyavu, na watu wa doria wakija na rula yao, macho ndiyo wanayopima. Mlatini aliona doa, mvuvi wa Kirumba akaona jicho. Mimi nipo na mvuvi.

Nyingine ni ile iliyomo ndani ya "blackmail", neno ambalo magazeti yetu yanalipenda likihusu picha za watu wakubwa. Hapo "mail" ni neno la Uskoti la kodi au malipo ya pango, lenye asili kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, kwao likiwa ni maongezi au mapatano. Mpakani mwa Uskoti na Uingereza, wakulima waliwalipa wakuu wa magenge ya wezi wa ng'ombe ili mifugo yao isiguswe. Hakuna barua hapo. Kuna zizi na hofu. Msukuma yeyote anaielewa hadithi hiyo bila mkalimani, ila wazee wa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 walichoka wakajibu kwa sungusungu, filimbi na mishale. Wangekubali kulipa, labda leo tungekuwa na neno letu wenyewe la kitu hicho.

Na ipo "maili", ambayo wanafunzi wakisoma neno "mail" kwa Kiswahili ndiyo inayowatoka. Hiyo ni ya barabarani, hatua elfu za askari wa Kirumi, na haituhusu.

Imeli yenyewe ni ndogo kwa umri. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine na kuichagua ile alama ya a iliyozungushiwa mkia ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake. Ndiyo hiyo hiyo inayonipotezea nusu saa kila siku, mteja akinitajia anwani na kuisahau. Wafaransa walipoletewa neno jipya walikuwa na shida kidogo, kwa sababu kwao "émail" ilishakuwepo, na ni ile rangi ngumu inayong'aa kwenye masufuria na sahani za bati. Natamani ningemwona karani wao wa kwanza akimwambia mzee wa kijijini atume cheti kwa hiyo.

Nirudi kwenye cheti, maana mliosoma mpaka hapa mnamngoja binamu yangu.

Asubuhi ile, nikiwa bado nimeshika simu ya baba mkubwa, nilimwomba karani asubiri nikampigia binamu kwa simu yangu. Alikuwa tayari yuko bandarini Bukoba. Baba mkubwa alishampigia usiku kumwambia ni kijana gani na amevaa shati gani. Bahasha alikuwa nayo mkononi, haijakunjwa hata pembe. Nikamwambia aipeleke moja kwa moja ofisini kwa karani. Akaipeleka. Karani akakitazama cheti mbele na nyuma, akasema yeye hapokei karatasi, mfumo unataka kiingie kwa imeli.

Binamu akavuka barabara. Kuna steshenari ng'ambo ya ofisi, ndogo kama yangu. Akalipa shilingi mia tano, kikaskaniwa, kikatumwa. Akavuka tena barabara, akamkuta karani anakifungua kwenye kompyuta yake, na karani akatabasamu akamwambia, umeona, dada, sasa kimefika.

Nilimsimulia baba mkubwa jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo kijana wa melini amepewa hata soda?